Bia ya laga nyumbani Mtwara: shida si kopo, shida ni baridi

Seti ya kutengenezea bia nyumbani haina mambo mengi. Ndani ya boksi kuna kopo la kilo 1.7 lenye rojo nzito ya kimea cha shayiri iliyokwisha kutiwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), pakiti ndogo ya chachu kavu, na karatasi ya maelekezo. Maelekezo yenyewe ni mafupi: yeyusha rojo kwa maji ya moto, tia kilo moja ya sukari, jaza maji hadi zifike lita 23, nyunyiza chachu, funika, subiri wiki moja, kisha tia kwenye chupa. Aliyezoea kutengeneza juisi ya ukwaju ya kuuza ataona hii ni kazi ya asubuhi moja.

Na bia itapatikana kweli. Swali ni kama itakuwa laga. Anayefuata karatasi ile neno kwa neno huku kwetu, Mtwara Mjini, Mikindani au Lindi, mwezi kama Novemba, atapata kinywaji kinachonukia ndizi mbivu, kinachochoma koo kama kimetiwa spiriti, chenye utamu wa ajabu unaobaki ulimini. Atalaumu kopo. Atalaumu sukari, au maji ya bomba. Mara nyingi vyote hivyo havina hatia. Kilichoharibu ni joto la chumba alichoweka ndoo.

Hapo ndipo penye fundo la jambo hili lote, na ndipo ninapotaka tukae kwa muda. Laga haitoki kwenye kopo. Laga hutengenezwa na chachu ya ukoo fulani inayofanya kazi kwenye baridi, halafu bia ikalazwa kwenye baridi kali zaidi kwa wiki kadhaa. Ukiondoa baridi, hata ukinunua kopo la gharama kubwa kuliko yote, umetengeneza bia nyingine.

Chachu ni viumbe hai vya seli moja. Vinakula sukari ya kimea na kutoa pombe na gesi ya kaboni dayoksaidi. Hilo watu wa kusini hawahitaji kufundishwa, maana uraka wa mabibo na tembo la mnazi hupatikana kwa njia hiyohiyo, ila huko chachu hujileta yenyewe kutoka kwenye maganda ya matunda na vyombo vya mgema. Ambalo halisemwi sana ni kwamba chachu haitoi pombe na gesi peke yake. Inapokua na kuzaana huacha kwenye bia kemikali nyingine nyingi, kila moja kwa kiasi kidogo sana, na hizo ndizo zinazoamua bia inukie nini na iwe na ladha gani. Chachu ikipata joto hukua kwa pupa, na kemikali hizo huongezeka. Kundi moja huitwa esta. Mojawapo ya esta, isoamili asetati, ndiyo hasa inayoipa ndizi mbivu harufu yake, kwa hiyo mtu akikwambia bia yako inanuka ndizi hajakutania, amekisoma vizuri kilichomo. Kundi jingine ni pombe nzito, zile zinazokwaruza koo.

Bia nyingi za dunia hugawanyika kufuatana na aina mbili za chachu. Ya kwanza ni Saccharomyces cerevisiae, ambayo ni ndugu wa hamira ya mikate. Hii ndiyo hutengeneza bia za jamii ya eli, na hupendelea nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Ya pili ni Saccharomyces pastorianus, chachu ya laga, ambayo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 8 na 13. Hii ya pili ni chotara. Mzazi wake mmoja ni hiyo ya eli, na mzazi wa pili hakujulikana kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2011 watafiti walipotangaza kumpata kwenye misitu ya baridi ya Patagonia, Argentina, wakamwita Saccharomyces eubayanus. Huyo ndiye aliyemrithisha mtoto uwezo wa kuvumilia baridi. Kwenye baridi chotara huyu anakula polepole, anatoa esta chache, na bia inabaki safi: unasikia kimea, unasikia uchungu wa hopsi, halafu koo linabaki jeupe. Usafi huo ndio tunaoulipia kila tunapoagiza Kilimanjaro, Safari au Serengeti iliyotoka kwenye friji.

Wajerumani wa Bavaria walilijua hili kwa vitendo kabla hakuna aliyejua chachu ni nini. Mwaka 1553 mtawala wao alipiga marufuku kutengeneza bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu bia ya majira ya joto iliharibika mno. Fikiria hilo: kiangazi chao cha Julai kina baridi kuliko Julai yetu, ambayo sisi huiita msimu wa baridi, na bado waliona ni joto lisilofaa. Bia waliipika kwenye majira ya baridi, wakailaza kwenye mapango na mahandaki yaliyojazwa barafu. Laga ya rangi ya dhahabu kama tunayoijua ilipikwa kwanza Plzeň, mji wa Cheki ya leo, mwaka 1842 na mpishi wa bia kutoka Bavaria, Josef Groll. Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde akaunda mashine za kupoza zilizopata kazi kwenye viwanda vya bia vya Munich, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, akafanikiwa kukuza chachu ya laga iliyo safi kutokana na seli moja. Baada ya mambo hayo mawili, mashine ya baridi na chachu safi, laga ikaweza kutengenezwa popote duniani, hata kwenye nchi za joto kama yetu. Viwanda vyetu vina mitambo ya kupoza. Ndoo yako haina.

Sasa turudi kwenye kopo. Watengenezaji wa seti hizi wanajua kwamba wateja wao wengi hawana mahali pa nyuzi 12. Kwa hiyo makopo mengi yaliyoandikwa laga huwa na pakiti ya chachu ya eli, ile inayovumilia joto la sebuleni. Si wizi. Rojo yenyewe imetengenezwa iwe na rangi na uchungu wa laga, na ukiichachusha kwenye nyuzi 20 utapata bia nyepesi nzuri ya kunywa. Lakini ni vyema ujue ulichonacho mkononi. Namna ya kujua ni kusoma namba za joto kwenye maelekezo badala ya kusoma jina. Ukiona wameandika nyuzi 18 hadi 24, au zaidi, pakiti hiyo karibu hakika ni ya eli. Ukiona 10 hadi 15, hiyo ni ya laga. Ukitaka laga ya kweli na kopo lina chachu ya eli, agiza chachu yake pembeni. Chachu kavu ya SafLager W-34/70, ambayo asili yake ni Weihenstephan, Ujerumani, ni mojawapo ya zinazotumika sana duniani, na inasamehe makosa ya joto kuliko nyingi za ukoo wake.

Hamira ya mikate je? Itachachusha, ndiyo. Lakini imechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kuumua unga, haitulii chini vizuri, na bia itabaki na ukungu na harufu ya mkate mbichi. Usipoteze kopo zima kwa kubana matumizi kwenye pakiti ya chachu.

Hesabu ya joto letu ndiyo hii. Pwani ya Mtwara mchana wa Novemba na Desemba hupita nyuzi 30. Usiku wa Julai, ukiwa na bahati ya upepo wa kusi, unakaribia 20. Halafu chachu yenyewe ikifanya kazi hutoa joto, kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo bia iliyo ndani ya ndoo inaweza kuwa na joto zaidi ya chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba cha nyuzi 28 maana yake ni bia ya nyuzi 32. Laga inataka 12. Pengo la nyuzi 20 haliwezi kuzibwa kwa kuweka ndoo chini ya kitanda.

Wengi hukimbilia njia ya mtungi: kufunika ndoo kwa kanga iliyolowa na kuiweka penye upepo, maji yakikauka yaondoke na joto. Ni fizikia sahihi, lakini inategemea ukavu wa hewa. Dodoma, hewa ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 40, kitambaa kilicholowa kinaweza kushusha joto kwa karibu nyuzi 9. Hapa Shangani, pembeni ya bahari, kwa nyuzi zilezile 28 na unyevu wa asilimia 80, hata upepo uvume vipi hutapata zaidi ya nyuzi 3. Kanga italowa, itanuka uvundo, na bia itabaki kwenye 25. Kwa eli ni msaada. Kwa laga ni bure.

Barafu ni hatua ya juu zaidi. Tuihesabu vizuri, kwa sababu watu huikadiria vibaya. Kushusha lita 23 kutoka nyuzi 30 hadi 12 kunahitaji kuondoa kama kilojuli 1,730 za joto. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka na maji yake kufika nyuzi 12 inabeba kama kilojuli 384. Kwa hiyo ni kilo 4 na nusu za barafu kwa uchache, kabla hujahesabu joto linaloingia kutoka nje, na linaingia mchana kutwa na usiku kucha. Barafu ya kupoza siku ya kwanza inapatikana kirahisi, wauza samaki wa feri wanaijua bei yake. Kazi ni kuiongeza asubuhi na jioni kwa wiki mbili bila kukosa. Ndoo ikae ndani ya beseni kubwa la maji, beseni lifunikwe kwa godoro kuukuu au maboksi, uzamishe chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa. Kwa bidii hiyo, Julai, utashika nyuzi 17 au 18 bila shida. Kushika 12 kwa beseni ni utumwa, na sikushauri.

Ndiyo maana kwa laga ya kweli jibu ni friza. Friza ya kulala, ile ya kuuzia barafu za ukwaju au kuhifadhia samaki, inameza ndoo ya lita 30 bila taabu. Tatizo lake ni kwamba imeundwa kugandisha, na swichi yake hata ukiizungusha chini kabisa itashuka hadi chini ya sifuri. Hapo ndipo fundi wa friji hukutazama mara mbili. "Bosi, yaani friza unataka isigandishe?" aliniuliza mmoja, bisibisi mkononi. Ndiyo fundi, isigandishe, ikae kumi na mbili. Na kweli hakuna haja ya kuifungua. Kinachotakiwa ni kidhibiti joto cha nje, kiboksi kidogo cha kidijitali chenye waya wa kupimia: unachomeka kiboksi ukutani, unachomeka friza kwenye kiboksi, unaandika 12, na kiboksi kinaiwasha na kuizima friza chenyewe. Chagua chenye uwezo wa kuchelewesha kuwasha kwa dakika kadhaa, maana compressa, yaani mota ya friza, ikiwashwa na kuzimwa mfululizo inaungua.

Waya wa kupimia usiuache unaning'inia hewani ndani ya friza. Ubandike kwenye ubavu wa ndoo, usawa wa katikati ya bia, kisha juu yake weka kipande cha sponji au kitambaa kilichokunjwa na ukifunge kwa utepe wa gundi. Ukipima hewa, friza itakuwa inafuata hewa, na bia itakuwa nyuzi kadhaa juu bila wewe kujua. Ukipima ubavu wa ndoo uliofunikwa, unaipima bia yenyewe. Jambo hili dogo lina thamani kuliko vifaa vingi vinavyouzwa kwa fahari.

Umeme ukikatika usihangaike mapema. Lita 23 za maji baridi ndani ya boksi lililozungushiwa sponji nene hazipati joto haraka, na ukijaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji, ndio kabisa. Usifungue mfuniko kuchungulia. Kwa upande wa LUKU pia, friza inayoshika nyuzi 12 inakula umeme kidogo kuliko inayogandisha samaki.

Kuna wenzetu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, karibu mita 700 kutoka usawa wa bahari. Huko joto huwa pungufu kwa nyuzi kama 4 ukilinganisha na pwani, na Julai mtu anaweza kuhangaika na barafu kidogo sana. Ningekuwa na ndugu Newala mwenye chumba cha tofali nene upande usiopigwa na jua, ndoo yangu ya Julai ningeipeleka huko.

Na kama huna friza, hutaki kubeba barafu, na unaishi Chikongola, hapa Mtwara Mjini? Badilisha chachu, usibadilishe tabia ya nchi. Wakulima wa magharibi mwa Norwei walitunza chachu zao za asili ziitwazo kveik, wakizikausha na kurithishana, na ajabu ni kwamba zilitoka nchi ya baridi lakini zinapenda joto. Ile ya Voss, ambayo sasa inauzwa ikiwa kavu kwa jina la LalBrew Voss, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 35 hadi 40. Rudia kuisoma hiyo namba. Chumba kinachoua laga ndicho kinachoifaa. Inamaliza kazi kwa siku chache, na inaacha harufu nyepesi ya ganda la chungwa. Hutakuwa na laga, utakuwa na bia safi yenye tabia yake, na kwa maoni yangu ni bora mara kumi kuliko laga ya jina iliyochachushwa kwenye nyuzi 30. Njia ya katikati ni eli tulivu kama SafAle US-05 kwenye nyuzi 18 hadi 20, kwa beseni na chupa za barafu, mwezi Juni au Julai. Hiyo ukimpa mtu ikiwa imepoa vizuri, wengi hawatatofautisha na laga.

Mengine yaliyobaki ni usafi na subira, na usafi unakuja kwanza. Kila kitakachogusa bia baada ya kupoa kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kisha kiuliwe vijidudu. Dawa za kitaalamu zipo, lakini dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini nayo inafaa: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, dakika 15, halafu suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Usiichanganye kamwe na siki wala limau, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Na suuza kweli, maana klorini ikikutana na kimea inazaa ladha ya dawa ya hospitali ambayo haiondoki hata ulaze bia mwaka mzima. Ndiyo sababu hata maji ya bomba ya kujazia ni vyema yachemshwe na kupozwa kabla. Maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi karibu na bahari, yaache.

Huku kusini kuna hatari moja ambayo maelekezo ya Ulaya hayaitaji. Kuanzia Oktoba, mabibo yakianza kuanguka mashambani na kurundikana chini ya mikorosho, hewa hujaa vinzi wadogo wa matunda. Wale hubeba miguuni chachu pori na bakteria wa siki. Kinzi mmoja akizama kwenye ndoo iliyo wazi anatosha kuigeuza bia ikawa siki. Msimu wa mabibo usifungue ndoo jikoni kwa jirani anayetengeneza uraka, na kila tundu liwe na kizibo cha maji kinachopitisha gesi nje bila kuruhusu kitu kuingia.

Sukari ya kilo moja iliyotajwa kwenye maelekezo inafaa kwa mfuko, haifai sana kwa ladha. Yote hugeuka pombe na haiachi mwili wowote, bia inakuwa nyembamba. Ukipata unga wa kimea kavu, weka nusu kwa nusu. Kopo nalo liangalie tarehe: rojo iliyokaa miezi kwenye kontena na ghala lenye joto huwa nyeusi na kupata ladha ya karameli iliyochoka, na chachu iliyo kwenye boksi hilohilo inakuwa imekufa nusu. Yeyusha rojo kwa lita 3 au 4 za maji ya moto, kisha jazia maji uliyoyalaza kwenye friji usiku kucha. Kwa njia hiyo utafika karibu nyuzi 16 papo hapo, na friza itamalizia. Kwa laga usitie chachu mpaka bia ifike 12, na tia mara mbili ya ile ya eli: pakiti mbili za gramu 11.5 kwa lita 23. Inaweza kupita siku nzima, hata mbili, bila povu kuonekana. Ni kawaida kwenye baridi.

Kujua bia imeiva, usihesabu mapovu. Nunua haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji. Chota bia kwenye mrija wake, kizungushe kidogo ili mapovu yaliyokiganda yaachie, kisha inamisha jicho lako liwe sawa na uso wa bia na usome mstari. Bia ya kopo huanza kwenye 1.040 au 1.042, na huishia karibu na 1.010. Toa ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131: tofauti ya 0.032 ni pombe ya asilimia 4.2. Vipimo vingi vimeundwa kusoma sahihi kwenye nyuzi 20, kwa hiyo ukipima bia ya nyuzi 30 ongeza kama 0.002 au 0.003 juu ya unachokiona. Namba ikibaki ileile kwa siku mbili tatu mfululizo, chachu imemaliza.

Kwa laga bado kuna hatua moja kabla ya chupa. Chachu kwenye baridi huacha kemikali iitwayo daiasetili, yenye harufu ya siagi iliyotiwa kwenye bisi. Chachu hiyohiyo inaweza kuila tena ikipewa joto kidogo. Kwa hiyo baada ya siku 10 hadi 14, pandisha kidhibiti hadi 16 au 18 kwa siku mbili au tatu. Halafu pima hivi: jaza bilauri mbili robo, funika zote, moja izamishe kwenye maji ya moto kwa dakika 20, nyingine iache. Zipoze zilingane, nusa. Ile iliyopashwa ikinuka siagi, bia haijawa tayari, ipe siku nyingine mbili. Ukisikia harufu ya yai viza wakati chachu inafanya kazi, hiyo ni salfa, desturi ya chachu ya laga, na itapungua bia ikilazwa.

Chupa zina hatari yake. Ili bia iwe na gesi, inatiwa sukari kidogo ambayo chachu itaila ndani ya chupa: gramu 6 hadi 7 kwa lita, yaani kama gramu 150 kwa ndoo nzima. Pima kwa mizani, iyeyushe kwa maji kidogo yaliyochemka, changanya na bia yote taratibu bila kurusha mapovu kabla ya kujaza chupa. Kutia kwa kijiko chupa moja moja ndiko kunakoleta chupa moja bubu na nyingine inayolipuka. Bia isiyomaliza kuchachuka, ikifungwa kwenye kioo ndani ya chumba cha nyuzi 30, ni hatari ya kweli kwa macho na mikono ya watoto. Anayeanza atumie chupa za plastiki za soda. Unaibinya kila siku, ikiwa ngumu kama jiwe gesi imetimia, peleka kwenye friji. Hapa joto letu linasaidia, wiki moja inatosha. Ukitumia kioo, kiwe cha kahawia na kikae gizani, kwani mwanga wa jua ukipiga hopsi ndani ya chupa nyeupe au ya kijani bia inanuka kama kicheche kwa muda mfupi sana.

Kisha ndipo kulaza: nyuzi 2, wiki nne au zaidi. Katika muda huo chachu inatulia chini, salfa inaondoka, na bia inang'aa.

Swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini ni kama bia ya nyumbani inaweza kupofusha. Hofu hiyo inatokana na visa vya pombe kali za mitaani, na ina sababu. Bia ya kimea iliyochachushwa tu haina methanoli ya kudhuru. Hatari iko kwenye pombe kama gongo zinazokenekwa bila utaalamu, na zaidi kwenye zile zinazoongezewa spiriti za viwandani. Bia hii usiikeneke, na usiiuze pia, maana biashara ya kileo inahitaji leseni. Majirani wengi huku hawanywi, na harufu ya kimea inasafiri, kwa hiyo friza iwe ndani, siyo uani kwa watu.

Kwa anayetaka kuanza, mpango unaofaa kwa Mtwara ni kuagiza seti mapema mwakani, ifike kabla ya Mei, na chachu usafirishiwe kwa njia ya haraka na uihifadhi kwenye friji hapohapo inapofika. Mara ya kwanza pika eli tulivu mwezi Juni kwa beseni na barafu, ili mkono uzoee haidromita na chupa kabla hujaingia gharama ya friza. Laga ifuate ukishapata friza na kidhibiti, na hiyo unaweza kuipika mwezi wowote, hata Desemba. Kama friza haijapatikana ifikapo Septemba, agiza pakiti ya Voss.